Sura ya Sita: Kaizari, Watoto Wawili na Vita Vilivyokwisha

Mji unaungua. Ndani ya kasri la kifalme kwenye sayari ya Centauri Prime, mwaka 2278, kaizari mzee Londo Mollari ameketi na kinywaji chake huku moshi ukipanda nje. Watoto wawili, Luc na Lyssa, wanaingia na mlezi wao. Moto na vifusi havijawaondolea utoto wao, wanataka hadithi. Kaizari hana kitu kingine cha kuwapa. Dola yake imeshindwa, mji wake umebomolewa, na yeye mwenyewe, ingawa watoto hawajui, hana mamlaka hata juu ya mwili wake. Anachobaki nacho ni kumbukumbu na sauti nzuri ya kusimulia. Basi anawasimulia habari za vita vikubwa, vita ambavyo nusura viwafute binadamu wote, na ambavyo yeye alikuwa karibu navyo kuliko ambavyo angependa.

Hivyo ndivyo inavyoanza In the Beginning, filamu ya televisheni iliyoonyeshwa Marekani kwa mara ya kwanza tarehe 4 Januari 1998 kwenye kituo cha TNT. Iliandikwa na J. Michael Straczynski na kuongozwa na Michael Vejar. Ni filamu tangulizi ya Babylon 5, tamthilia ya kisayansi ambayo filamu yake ya majaribio ilionyeshwa Februari 1993, ikaanza rasmi Januari 1994 na kumalizika Novemba 1998 baada ya misimu mitano na sehemu 110. Kati ya hizo 110, Straczynski aliandika 92 kwa mkono wake. Jambo hilo halikuwa la kawaida katika televisheni ya Marekani, ambako kwa desturi tamthilia huandikwa na kundi la waandishi chumbani. Yeye aliitaka Babylon 5 iwe kama riwaya: yenye mwanzo, kati na mwisho vilivyopangwa tangu awali, na jambo lililotajwa msimu wa kwanza likija kulipwa msimu wa nne.

Kituo cha anga kinachoitwa Babylon 5 kilijengwa ili kuzuia vita vingine kati ya binadamu na viumbe wengine. Kwa hiyo tangu sehemu ya kwanza tunaambiwa kwamba kabla ya kituo hicho kulikuwa na vita. Vilidumu kuanzia mwaka 2245 hadi 2248, kati ya Dunia na watu wa Minbari, wenye teknolojia iliyowazidi binadamu kwa mbali sana. Tunaambiwa pia jinsi vilivyokwisha: manowari za Minbari zilifika hadi mlangoni kwa Dunia, zikabakiza hatua moja tu kushinda, halafu zikasalimu amri bila kutoa maelezo. Fumbo hilo ndilo lililobeba msimu wa kwanza mzima. Misimu iliyofuata ikalifumbua kidogo kidogo. Kufikia Januari 1998 mtazamaji mwaminifu wa Babylon 5 alikuwa anajua vita vilianzaje, vilikwishaje, nani alikufa na nani aliokoka.

Kwa nini basi atazame? Swali hilo linaikabili kila filamu tangulizi, na nyingi zinalijibu vibaya. Jibu jepesi ni kumwonyesha mtazamaji kwa macho kile alichokuwa akikisikia tu: manowari nyingi zaidi, milipuko mikubwa zaidi, mashujaa anaowajua wakiwa vijana. Hilo linafurahisha kwa dakika kumi. Baada ya hapo mtazamaji anaanza kupiga miayo, maana hatari isiyoweza kumuua mtu unayejua yuko hai miaka 15 baadaye si hatari.

Lakini wapo wasikilizaji ambao tangu zamani hawakuhitaji kufichwa mwisho. Anayekaa kusikiliza habari za Fumo Liyongo anajua tangu mwanzo kwamba shujaa huyo atachomwa kitovuni kwa sindano ya shaba, na kwamba mkono utakaomchoma ni wa mwanawe. Anajua, na anakaa. Kinachomshika ni kuona jinsi kila mtu anavyotembea kwa miguu yake mwenyewe kuelekea pale: mfalme anavyomlaghai kijana, kijana anavyoshawishika, baba anavyohisi na bado kusema siri. Anayejua mwisho huangalia hatua, na hatua ndizo zenye uchungu. Straczynski alilielewa jambo hilo kuliko wengi waliokuja baada yake, na ndiyo maana, kwa maoni yangu, filamu hii ya televisheni iliyotengenezwa kwa fedha za kawaida bado inastahili sura nzima katika kitabu hiki.

Tuchukue tukio lenyewe la kwanza, lile lililoanzisha vita. Dunia imetoka kushinda vita dhidi ya watu wa Dilgar miaka kadhaa nyuma, na viongozi wake wamelewa ushindi. Wanasikia kuna watu wanaoitwa Minbari, wanataka kuwachunguza. Londo, ambaye wakati huo ni mwanadiplomasia kijana kiasi wa Centauri aliyeko Duniani, anamwonya Jenerali Lefcourt: waacheni watu hao. Jenerali hasikii. Msafara unatumwa, ukiongozwa na chombo kiitwacho Prometheus chini ya Kapteni Jankowski.

Huko angani wanakutana na manowari za Minbari, na ndani ya mojawapo ya meli hizo wamo Baraza la Kijivu, watu tisa wanaoitawala Minbari, pamoja na kiongozi wao Dukhat. Minbari wanakaribia huku midomo ya mizinga yao ikiwa wazi. Kwao hiyo ni heshima: mpiganaji anamwonyesha mwenzake silaha aliyonayo, hafichi kitu. Kwa binadamu walio ndani ya Prometheus, mzinga uliofunguliwa ni mzinga unaotaka kufyatua. Wanajaribu kuondoka, wanashindwa, kwa sababu mitambo ya Minbari inayowapima imevuruga injini zao. Sasa wana hakika wametegwa. Dukhat anapoambiwa mizinga iko wazi anagutuka, maana yeye anaona papo hapo kwamba hawa wageni hawaijui desturi hiyo, na anaamuru ifungwe. Amri inachelewa kwa sekunde chache. Jankowski anafyatua. Dukhat anauawa.

Hakuna mwovu katika tukio hilo zima, na hapo ndipo lilipo jambo kubwa la filamu hii. Mwandishi mwingine angemweka mchochezi, jasusi, mtu mwenye faida ya kupata. Straczynski amewaweka watu wenye nia njema upande mmoja, watu wenye hofu upande wa pili, na kati yao desturi moja ambayo hakuna aliyewahi kumweleza mwenzake. Mtazamaji anayejua nini kitatokea anahesabu zile sekunde, na kujua kwake kunamwongezea uchungu.

Halafu kamera inamgeukia Delenn.

Kwa mtu aliyeitazama tamthilia, Delenn ni mwanamke wa amani. Ni balozi wa Minbari kituoni, mtu mpole, mchamungu, ambaye mwisho wa msimu wa kwanza anaingia katika kifukofuko na kutoka akiwa nusu binadamu ili awe daraja kati ya watu wawili. Katika filamu hii tunamkuta miaka mingi kabla, mwanafunzi kipenzi wa Dukhat, ameingia Barazani si muda mrefu. Dukhat anakufa mikononi mwake. Wajumbe wa Baraza wamegawanyika: wengine wanataka kuwafuata binadamu na kulipiza, wengine wanataka kusubiri. Kura zinalingana. Wanamgeukia Delenn, akiwa bado ameupakata mwili wa mwalimu wake, na kumtaka aseme. Anasema binadamu wafuatwe na wauawe, wasihurumiwe.

Siri hiyo ilikuwa imekwisha kutolewa katika sehemu iitwayo "Atonement" ya msimu wa nne, mwaka 1997, na filamu inatumia kitu kilekile. Hata hivyo, katika tamthilia tuliiona kama kumbukumbu, Delenn wa sasa akikiri kosa la Delenn wa zamani. Hapa tunaiona kwa wakati wake, bila faraja ya kujua kwamba ametubu. Na baada ya hapo filamu inafanya jambo ambalo tamthilia haikuwa na nafasi ya kulifanya: inatuonyesha Delenn akijaribu kuyarudisha maneno yake. Wiki zinapita, hasira inapoa, anataka vita visimame. Vita havisimami. Neno moja lilitosha kuviwasha, lakini kuvizima kunahitaji idhini ya watu wengi ambao sasa wana wafu wao wenyewe wa kuwalilia.

Mwigizaji wa Delenn alikuwa Mira Furlan, na siwezi kuandika juu ya tukio hilo bila kumtaja yeye alikotoka. Alizaliwa Zagreb mwaka 1955. Alikuwa nyota wa filamu na jukwaa nchini Yugoslavia. Aliigiza katika filamu ya Emir Kusturica iliyoshinda tuzo kuu ya Cannes mwaka 1985. Nchi ilipoanza kupasuka mwaka 1991, yeye alikuwa akifanya kazi Zagreb na Belgrade, kwa Wakroatia na kwa Waserbia, na mumewe, mwongozaji Goran Gajić, alitoka Belgrade. Alikataa kuacha kuigiza upande wa pili. Magazeti ya kwao yakamwita msaliti. Mwaka huohuo wawili hao waliondoka wakaenda Marekani, ambako hakuna aliyemjua. Miaka saba baadaye anaonekana kwenye televisheni akiwa mwanamke ambaye huzuni yake inageuka amri ya kuua taifa zima. Tazama uso wake katika tukio lile. Hapandishi sauti kama mtu aliyeandikiwa kilio. Anasema kama mtu aliyewahi kuwasikia majirani wema wakisema hivyo hivyo. Mira Furlan alifariki Januari 2021.

Theodore Bikel naye yumo humu. Alizaliwa Vienna mwaka 1924, na familia yake ya Kiyahudi ilikimbia baada ya Ujerumani ya Hitler kuitwaa Austria mwaka 1938. Anaigiza Lenonn, mzee wa Minbari anayeamini kwamba adui wa kweli si binadamu bali ni nguvu ya kale inayoamka gizani, na ambaye anakubali kwenda kwa siri kukutana na binadamu watafute njia ya amani. Kwamba sauti ya mwisho ya busara katika vita hivi ilipewa mwigizaji mwenye historia ile, sijui kama lilikusudiwa, ila uzito wake unasikika.

Safari hiyo ya Lenonn inatufikisha kwa msimulizi wetu.

Ningeulizwa ni nini kinachoitofautisha In the Beginning na filamu tangulizi nyingine, ningejibu: Londo. Straczynski angeweza kuanza moja kwa moja mwaka 2245. Badala yake ameiweka hadithi nzima kinywani mwa mzee, na huyo mzee si shahidi asiye na hatia. Katikati ya vita, Londo anapata taarifa za kijasusi kwamba G'Kar wa taifa la Narn, mahasimu wa damu wa Centauri, anakutana mahali fulani na maofisa wa Dunia. Wanarn wamekuwa wakiwauzia binadamu silaha. Londo anakata shauri kwamba haya ni mauzo mengine, na anatoa amri mahali hapo pashambuliwe. Hayakuwa mauzo. Ulikuwa ndio mkutano wa amani. Lenonn anakufa hapo, na pamoja naye nafasi ya pekee ya kuvimaliza vita kabla havijafika Duniani.

Basi anayewasimulia watoto hadithi ya vita ni mmoja wa waliovirefusha. Na analisema hilo. Halisemi kwa machozi. Analisema kwa sauti ileile ya msimulizi, na Peter Jurasik, ambaye kwa misimu minne alikuwa amempandisha Londo kutoka mlevi wa kuchekesha hadi mtu wa msiba, anaiacha sauti hiyo ilegee kidogo tu inapofika pale. Watoto hawawezi kuelewa. Mtazamaji aliyemfuata Londo tangu mwaka 1994 anaelewa mno, kwa sababu amekwisha kumwona akirudia kosa lilelile baadaye kwa kiwango kikubwa zaidi: katika tamthilia yenyewe Londo ndiye anayefungua mlango wa vita vya Centauri dhidi ya Narn, kwa kutaka heshima ya taifa lake irudi. Filamu inatuambia kwamba alikuwa amekwisha kupewa funzo, na funzo lilikuwa na maiti ndani yake, na bado.

Wapo wanaolalamika kwamba Londo hakuwapo ndani ya Baraza la Kijivu, hakuwapo ndani ya Prometheus, na hakuwapo alipokufa Dukhat, sasa anayajuaje? Lalamiko lina haki yake. Tamthilia inatoa nafasi ya kumtetea, kwa kuwa alikaa miaka mingi kituoni na Delenn, na mtu husikia mengi. Mimi sioni kama anahitaji utetezi. Kila msimulizi wa masimulizi ya vita anasema mfalme alimwambia nini mkewe usiku, na hakuna anayemwuliza alikuwa amejificha uvunguni. Anachotakiwa kukijua sawasawa ni kile kilichomgusa yeye, na kile Londo anakijua.

Kasoro ya kweli iko kwingine. Mkutano ule wa siri na Lenonn umewapeleka pamoja John Sheridan, Dakta Stephen Franklin na G'Kar. Wote watatu ni wahusika wakuu wa tamthilia, na huko hakuna hata mmoja wao aliyewahi kutaja kwamba waliwahi kusafiri pamoja, kushambuliwa pamoja na kufungwa pamoja na Minbari. Sheridan hata anafikishwa mbele ya Delenn, ambaye baadaye atakuwa mkewe; filamu inalikwepa tatizo kwa kumfunika Delenn kofia ya joho. Sheridan anamtamkia neno la Kiminbari aliloachiwa na Lenonn akikata roho, na Delenn anawaachia huru. Ni tukio zuri likitazamwa peke yake. Likiwekwa kando ya sehemu 110, linafinyanga ulimwengu mpana kuwa kijiji cha watu sita. Hamu hii ya kuwakutanisha wote mapema ni ugonjwa wa filamu tangulizi kwa jumla, na hata fundi kama Straczynski hakupona. Franklin anapewa kitu bora zaidi pembeni: anatakiwa na jeshi lake atoe maandishi yake ya utafiti juu ya miili ya Minbari ili yatengenezewe silaha ya kibaiolojia, naye anayaharibu. Hilo lilikuwa limetajwa kwenye tamthilia, na hapa linaonekana kama lilivyopaswa kuonekana, kitendo cha mtu mmoja katika chumba kidogo.

Sehemu ya mwisho ni Mapambano ya Mstari. Minbari wamefika Duniani. Rais wa Dunia, aliyeigizwa na Tricia O'Neil, anazungumza na marubani wote waliobaki. Hawaahidi ushindi. Anawaomba wajitolee kusimama mbele ya manowari za Minbari kwa muda wowote watakaoweza, ili vyombo vya raia vipate kukimbia, na anawaambia wazi kwamba hategemei watarudi. Katika hesabu ya tamthilia, walikwenda 20,000 na wakarudi 200. Msimu wa kwanza ulitupa tarakimu hizo tu. Hapa tunakaa na watu wenyewe, na ile hotuba, iliyosemwa kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia na kunawa uso, ni miongoni mwa dakika bora kabisa katika kazi yote ya Straczynski.

Na katikati ya Mstari kuna Jeffrey Sinclair, na hapa watengenezaji walikuwa na tatizo zito. Sinclair ndiye aliyekuwa kamanda wa kituo katika msimu wa kwanza, akiigizwa na Michael O'Hare. O'Hare aliondoka baada ya msimu huo. Alirudi kwa kitambo mwaka 1996 kumaliza hadithi yake, kisha basi. Kwa miaka mingi watazamaji walibuni sababu za kuondoka kwake, nyingi zikiwa za kumdhalilisha. O'Hare alifariki Septemba 2012, na mwaka uliofuata Straczynski, kwa ruhusa aliyopewa na O'Hare mwenyewe, alieleza hadharani kwamba mwigizaji huyo alikuwa akiugua maradhi makali ya akili tangu wakati wa msimu wa kwanza, na kwamba alichapa kazi hadi mwisho wa msimu kwa nguvu zake zote. Kwa hiyo filamu ya 1998 ilimhitaji Sinclair, na Sinclair hakuwapo. Wakarudi kwenye mikanda ya zamani. Picha za Sinclair kwenye chumba chake cha rubani, zilizopigwa kwa ajili ya sehemu iitwayo "And the Sky Full of Stars" ya mwaka 1994, zimeshonwa ndani ya vita vipya vilivyochorwa kwa kompyuta za miaka minne baadaye.

Mshono unaonekana ukiutafuta. Mwanga haulingani sawasawa, na O'Hare hazungumzi na mtu yeyote aliyepigwa picha kwa ajili ya filamu hii. Lakini tazama maana yake. Delenn, akiwa ndani ya manowari yake, anaambiwa achague rubani mmoja wa kibinadamu akamatwe na kuhojiwa. Anachagua kile chombo kimoja kilichoharibika ambacho kinaelekea kuigonga manowari yake kwa kujiua. Aliyemo ni Sinclair. Anatolewa, anafungwa, na chombo kitakatifu cha Minbari kinang'aa mbele yake: roho iliyo ndani yake ni ya Minbari. Tena si roho ya mtu wa kawaida, ni ya Valen, mtu mkuu kuliko wote katika historia yao. Minbari hawaui Minbari. Vita vinasimama saa hiyo. Uso uliovisimamisha vita ni picha ya mtu aliyekwisha kuondoka, akiangalia kutoka mwaka 1994, na sidhani kama upigaji picha mpya ungeweza kumpa ugeni ule alionao.

Filamu yenyewe ilizaliwa kwa sababu za kibiashara, na si aibu kuzitaja. Kwa misimu minne Babylon 5 ilionyeshwa kupitia muungano wa vituo ulioitwa PTEN, uliokuwa mradi wa Warner, na mwaka 1997 muungano huo ulikuwa unakufa. Straczynski, akihofia kwamba msimu wa tano hautakuwapo, aliisukuma hadithi yake kubwa imalizike msimu wa nne, akapiga hadi sehemu ya mwisho kabisa. Kisha TNT ikajitokeza na kuichukua tamthilia. Ile sehemu ya mwisho ikawekwa kabatini hadi Novemba 1998. TNT ilitaka watazamaji wapya ambao hawakuwa wameona kitu kwa miaka minne, na ikaagiza filamu. In the Beginning ilikuwa ya kwanza. Usiku huohuo ilionyeshwa pia ile filamu ya majaribio ya 1993, The Gathering, ikiwa imehaririwa upya. Baadaye zikaja Thirdspace na The River of Souls mwaka huohuo wa 1998, na A Call to Arms mwanzoni mwa 1999. Hizo tatu zina dakika zake nzuri, lakini hakuna hata moja inayokaribia ya kwanza.

Tofauti inaonekana vizuri zaidi ukiilinganisha na Blood & Chrome, filamu tangulizi ya Battlestar Galactica. Hiyo ilitoka Novemba 2012 ikiwa vipande kumi vya intaneti, kisha Februari 2013 ikaonyeshwa kama filamu kwenye kituo cha Syfy. Kijana William Adama, aliyeigizwa na Luke Pasqualino, yuko katika vita vya kwanza dhidi ya Cylon. Picha zake za kompyuta zinaiacha Babylon 5 mbali sana. Karibu kila mandhari imejengwa nyuma ya waigizaji kwa mashine. Ni filamu ya kuvutia macho na yenye mwendo mzuri. Lakini inatuonyesha Adama kijana kwa namna ambayo Adama mzee habadiliki machoni petu. Ukimaliza In the Beginning na kurudi kwenye tamthilia, Delenn unamwona upya, Londo unamwona upya, na kila wanapoketi meza moja kituoni unajua ni nani na nani wanaoketi.

Mwisho wa filamu unarudi mwaka 2278. Watoto wanaondoka na mlezi wao. Londo akibaki peke yake, tunaona kile alichokuwa amekificha chini ya vazi lake muda wote: kiumbe kilichonata begani, mlinzi wa watu wa Drakh, kinachoyaongoza matendo yake na ambacho hulala tu kaizari akilewa vya kutosha. Watazamaji walikuwa wamekiona mwaka 1996 katika "War Without End", na wanajua pia kwamba chini katika gereza la kasri hilohilo wamo Sheridan na Delenn, na kwamba usiku huo haujaisha. Londo aliota kifo chake tangu ujanani, mikono ya G'Kar shingoni mwake; alimwambia Sinclair ndoto hiyo tangu msimu wa kwanza, mwaka 1994. Kwa hiyo filamu hii inayorudi nyuma kuliko sehemu zote imewekwa ndani ya saa za mwisho za msimulizi wake. Hadithi aliyowapa wale watoto ndiyo hadithi ya mwisho aliyosimulia akiwa na uhuru wa kusema, na aliununua uhuru huo kwa ulevi.

Hapo ndipo linapokuja swali la mpangilio, ambalo kila anayeanza kuitazama Babylon 5 huuliza. TNT iliitangaza filamu hii kama mlango wa kuingilia, na kwa tarehe za ndani ya hadithi ni kweli inatangulia yote. Nasema kwa moyo wote: usiingilie mlango huo. Atakayeanza nayo atapewa bure siri ya Sinclair, ambayo msimu wa kwanza unaijenga kwa uvumilivu mkubwa. Atapewa kosa la Delenn kabla hajampenda. Na atamwona mzee wa kigeni mwenye nywele zilizosimama akilewa kasrini, asijue kwa nini inampasa asikitike. Itazame baada ya kumaliza msimu wa nne, kabla ya kuanza wa tano. Ndipo ilipokaa kwa watazamaji wa mwaka 1998 pia: msimu wa nne ulikuwa umekwisha Oktoba 1997, na wa tano ulianza tarehe 21 Januari, majuma mawili na siku chache baada ya Londo kuwaambia wale watoto hadithi.